Picha Iliyotangulia Treni

Wenzangu, tusogeleane kidogo. Wenye watoto mgongoni wakae karibu na mlango, mtoto akilia mtoke naye bila haya. Sauti yangu si kubwa tangu nivunjwe mbavu, kwa hiyo nisaidieni kwa kunyamaza.

Nimeombwa kusema mbele ya kikundi hiki tangu mwaka jana, nikawa nakataa. Leo nimekubali, lakini kwa sharti: sitataja jina la mtu. Atakayejitambua ndani ya maneno yangu, ajitambue na moyo wake tu. Sisi wengine tusigeuze shingo kumtazama.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule mjane anayeuza samaki wa kukauka sokoni, wale wanaotoka Bukama na ziwa Kisale. Lakini kuna siku Kamina nzima ilinijua kwa jina lingine. Iliniita mwizi wa watoto.

Mdogo wangu wa kike anakaa Katoto, kule karibu na Bukama. Alishikwa na tumbo, daktari akasema apasuliwe haraka. Bwana yake alikwisha kumwacha, na hakuwa na mtu wa kumwachia binti yake mdogo. Nikapanda treni kwenda kumchukua mtoto. Huyo mtoto hakunijua. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado ananyonya. Pale hospitali alikishika kitenge cha mama yake mpaka nesi akamfungua vidole kimoja kimoja, na kutoka hapo alilia. Alilia barabarani, alilia kwenye gare tukingoja treni, akalia ndani ya behewa. "Nataka mama! Huyu si mama yangu!"

Ndugu zangu, nawaambia, mtoto hakusema uongo. Mimi si mama yake. Mtu gani angewaza kwamba neno la kweli la mtoto linaweza kukuletea kifo?

Mbele yangu kwenye behewa alikaa kijana mmoja wa hapa Kamina. Alituangalia, akaangalia dirishani, akatuangalia tena. Treni ilisimama mahali kwa muda mrefu, pale ambapo rezo, mtandao wa telefone, inashika, watu wakashuka kununua miwa. Yule kijana akainua telefone yake. Niliona ananipiga picha. Mnajua nilifanya nini? Nilitengeneza kitambaa changu cha kichwa nisitoke vibaya.

Treni ikaondoka. Tukaingia porini, rezo ikapotea, na mtoto akachoka kulia akalala juu ya mapaja yangu. Nikashukuru Mungu. Mama mmoja aliyekaa pembeni alinipa kipande cha muwa, tukawa tunaongea bei ya samaki.

Tulipokaribia Kamina, rezo ikarudi. Telefone moja ikalia, ting. Kisha nyingine, na nyingine, mbele na nyuma yangu, behewa zima. Watu wakatoa telefone zao kama kawaida. Kila aliyemaliza kusoma aliinua kichwa akaniangalia mimi. Nilidhani wanamwangalia mtoto alivyolala vizuri, hata nikatabasamu. Yule mama wa miwa akasoma, akawavuta watoto wake, akahama kiti bila kusema neno. Telefone yangu nayo ililia ndani ya begi. Sikuitoa, niliogopa kumwamsha mtoto. Ningeitoa, ningejiona.

Kwenye gare watu walikuwa wameshajaa. Nilifikiri kuna mkubwa fulani anapokelewa. Nikashuka, mtoto begani, begi mkononi. Mwanaume mmoja akaninyooshea kidole, akapaza sauti: "Njo yeye! Kitenge ya njano! Njo yeye!"

Pigo la kwanza sikuliona lilikotoka. Lilikuwa kofi la sikio, nikasikia mlio kichwani kama sufuria imeanguka. Mtoto akanyakuliwa. Nikashikwa nywele, nikaburutwa kutoka kwenye saruji mpaka penye mawe ya reli.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wa mudogo wangu! Mama yake iko hospitali Bukama!"

"Bongo! Unadanganya! Mutoto mwenyewe alisema weye si mama yake! Batu ya treni bote balisikia!"

Walianza na ngumi, kisha fimbo, kisha chuma. Mkono huu wa kushoto niliuinua kulinda uso, nikasikia mfupa unakatika. Mtu alinikanyaga mbavu kwa kiatu kizito, akarudia pale pale kama anayepanda ngazi. Nilijua baadhi ya sura. Nilimwona mteja wangu. Nilimwona mama mmoja ambaye tuliimba pamoja kwenye matanga ya bwana yangu, ameshika jiwe. Nilimwita kwa jina. Alirusha.

Kisha wakaleta tairi. Wakaniingizia shingoni, likabana mpaka mabega. Mtu mwingine akaja na kidumu cha petroli. Watu hawajui jambo hili: petroli ni baridi. Ilinimwagikia kichwani, ikaingia machoni na kwenye vidonda, na ile baridi ilinishangaza kuliko maumivu. Nikasikia sauti inauliza kiberiti. Sikuomba tena. Nilifunga macho nikasema tu "Vidye, Vidye," kama mama yangu alivyokuwa akimwita Mungu kwa Kiluba tukiwa wadogo.

Wakati wanatafuta kiberiti, mtu mmoja alikuwa anapekua begi langu. Alitoa telefone, na pale pale ikalia. Maneno ya mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, yakatokea kwenye kioo, akayasoma kwa sauti kubwa watu wacheke: "Yaya, mumefika? Mutoto amekula?" Akainua telefone juu. "Munasikia? Huyu njo mwenzake! Iko nangojea mutoto!"

Watu wakanguruma. Lakini telefone haikunyamaza. Sasa ilikuwa inaita.

Pale gare kuna mama anayeuza mandazi, mama mnene, mpole, sijawahi kumsikia akigombana hata na mwenye deni. Alipita katikati ya wanaume wale kwa mabega. Alimpiga yule mtu kwenye kiwiko, telefone ikaanguka mikononi mwake. "Lete! Kama ni mwenzake, tusikie hiyo sauti yake bote!" Akapokea, akaifungua sauti ya nje, akainyanyua juu ya kichwa.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka, dhaifu, ya mtu aliyelala. "Yaya? Yaya, mbona kelele? Mutoto iko wapi?"

Mtoto alikuwa ameshikwa na mwanamke fulani mbali kidogo. Alipoisikia sauti ile alipiga kelele ya kumwita mama yake aje, ambayo mpaka leo naisikia. "Mama! Mama, kuya! Mama, kuya!"

Mama wa mandazi akamgeukia yule mwenye kidumu. "Weye, umesikia? Mutoto anaita mama yake. Sasa wasisha hiyo kiberiti, tuone."

Sitawadanganya kwamba wote walitubu pale pale. Mmoja alinipiga teke la mwisho mgongoni, nafikiri kwa sababu alikuwa hajapata nafasi yake. Watu wakasukumana, telefone ikaanguka, mazungumzo yakakatika. Polisi walifika wakati mama wa mandazi ananivua tairi, na mtoto akakaa kwake mpaka nilipotoka hospitalini.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Kwamba nitalazwa hospitalini, hilo nilijua. Nisichokijua ni kile kilichokuja baada yake.

Hospitalini mgonjwa wa kitanda cha pili alipata mesaji. Ting. Ndugu zangu, nilijikojolea. Mwanamke mzima. Nilipotoka, mkono ukiwa umefungwa, nilizima telefone yangu niliyorudishiwa na polisi, nikaizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Lakini telefone za watu wengine ningezizika wapi? Mtu akipita njiani na ya kwake ikalia, nilikuwa naingia chini ya meza. Sokoni sikuenda. Samaki wangu waliingia wadudu. Yule mtoto, ambaye sasa alikuwa amenizoea, alijifunza kukaa mlangoni na kuwaambia watu: "Zimisha telefone, yaya mukubwa anaogopa."

Na mdogo wangu? Mimi niliamini mama wa mandazi alimpigia tena kumtuliza. Mama wa mandazi, ambaye hakuwa na namba, aliamini mimi nimempigia. Hakuna aliyempigia.

Asubuhi moja nilikuwa napepeta unga uani. Mlango wa parsele, yaani wa ua wetu, ukafunguka, akaingia mwanamke aliyebaki mifupa, anashika tumbo kwa mikono miwili, kitenge chake kina doa la damu. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Yaya. Nionyeshe kaburi ya mutoto wangu."

Mtoto akatoka nyuma ya nyumba anatafuna hindi. Mdogo wangu akaanguka magoti. Alimpapasa mtoto kichwa, masikio, miguu. Kisha akainuka, akanijia, akanizaba kofi. Kofi lile liliniuma kuliko chuma cha gare.

"Nilikupigia! Kila siku nilikupigia! Nilisikia banakupiga, nikasikia mutoto analia, kisha kimya. Kimya, yaya! Kule Bukama watu walinionyesha picha yako, wakasema mulichomwa bote bawili. Nimetoroka hospitali. Nimekuja kuzika!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimejificha, na huko kujificha kwangu kulikuwa kunamuua mtu mwingine polepole.

Tulimlaza, jirani akaita nesi. Lakini yeye hakutulia. "Telefone iko wapi?" Nikaonyesha mfuko wa unga. Aliitoa mwenyewe, akaifuta kwa kitenge, akampa jirani aichaji kwenye panneau yake ya jua. Iliporudi, akaniweka pembeni yake kitandani, akanikamata kiuno. "Fungua. Niko hapa."

Niliwasha. Zikaanza kuingia, ting, ting, ting, haziishi. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Mdogo wangu hakuniachia.

Cha kwanza nilichoona ni mimi. Ile picha ilikuwa imejiweka yenyewe ndani ya telefone yangu, mara nyingi, kutoka kila groupe niliyokuwemo: ya soko, ya kanisa, ya kartie, yaani mtaa wetu. Mimi na kitambaa changu kilichotengenezwa vizuri, mtoto analia pembeni, na maneno chini: mwizi wa watoto yuko ndani ya treni, msimwache atoroke. Kisha sauti za mdogo wangu, moja baada ya nyingine, analia, ananiita. Tulizisikiliza tukiwa tumeshikana.

Kisha nikafika kwenye groupe ya familia ya marehemu bwana yangu. Kulikuwa na mesaji zilizoandikwa asubuhi ile ile. Mashemeki zangu, wadogo za bwana yangu, walikuwa wanaandikiana. Mmoja aliandika: "Tumemupata kijana wa picha. Leo baada ya kula tunamuendea. Esansi iko." Esansi ni petroli. Mwingine akauliza kama mimi sitasoma. Wakamjibu: "Telefone ya shemeki ilikufa zamani."

Nilitoka mbio mkono ukining'inia shingoni. Nilisimamisha motari, mwenye pikipiki ya kubeba watu, nikamtajia nyumba waliyoiandika kwenye mesaji, nikamwambia aende kama anafukuzwa.

Tulipokaribia nilisikia kelele nikazijua. Hizo kelele zina sauti moja tu, hata kama watu ni wengine. Niliingia uani. Yule kijana wa treni alikuwa chini, uso umevimba, taya limekaa upande, anatema damu na meno. Shemeki yangu mkubwa alikuwa juu yake na mtwangio wa kinu, anampiga miguuni. Mama wa kijana alikuwa ameshikwa na wanaume wawili, nguo imechanika, anapiga kelele kwa sauti iliyokwisha. Mlango wa nyumba ulikuwa umelowa. Nilisikia ile harufu ya petroli.

Sitawaambia nilikuwa shujaa. Nilikuwa na hofu kiasi kwamba sikuweza kusimama, ndiyo maana nilitambaa. Nilitambaa mpaka kwa kijana nikamlalia. Mtwangio ulikuwa umeshainuliwa, ukanipata bega.

"Shemeki! Toka hapo!"

"Sitoki."

"Huyu njo alikuuza! Tunakutetea!"

"Munanitetea na nini? Na kidumu kile kile? Mwaga basi. Mwaga juu yetu wawili. Mimi ninajua inavyokuwa baridi, huyu hajui, nitamwonyesha."

Alisimama na mtwangio juu. Mimi nilikuwa natazama miguu yake tu. Watu wa kartie walikuwa wamekuja ukutani, na wengine, kweli, walikuwa wameinua telefone wanapiga picha. Nikawapigia kelele: "Shusheni! Shusheni hizo vitu!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. Shemeki aliutupa mtwangio. Akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia kama mtoto, anaita jina la kaka yake aliyekufa.

Kijana alijaribu kusema, damu inatoka. "Mama, minyi sikusema mwizi. Niliuliza tu."

Baadaye, alipoweza kushika kitu, alinionyesha kwenye telefone yake mwenyewe. Ilikuwa kweli. Yeye aliandika: mtoto huyu analia sana, kuna mtu anamjua? Alimtumia rafiki mmoja. Rafiki akaipeleka kwenye groupe na neno lake. Wa tatu akaongeza lake. Wakati sisi tuko porini tunakula miwa bila rezo, swali lilikuwa limeshageuka hukumu.

Siku zilizofuata, mama wa mandazi alikuwa anakuja kwangu akimaliza kuuza. Alikaa kwenye kiti kifupi, mikono bado ina mafuta, akasema: "Hatutafunga telefone tena. Tutafunga kelele." Mdogo wangu alikuwa kitandani anacheka kwa uangalifu, mshono usiachie.

Tulianza na magroupe. Unafungua groupe, unagusa jina lake juu, unapata pale pameandikwa Notifications, unaichagulia kimya cha siku zote. Ikilia, italilia huko huko kwake. Zile ambazo sikumjua hata mtu mmoja ndani, nilitoka. Kisha tukaingia kwenye Paramètres, mipangilio ya telefone, tukazuia picha na video zisijipakue zenyewe. Sasa picha inakuja na ukungu, mpaka mimi mwenyewe niamue kuigusa. Tukazuia pia mtu nisiyemjua asiniingize kwenye groupe yake bila kuniuliza. Na kioo kikiwa kimefungwa, jina la mtu linaonekana, maneno yake hapana.

Najua kuna mtu hapa anawaza: mama, si yale maneno kwenye kioo ndiyo yaliyokuokoa? Hapana. Maneno yale walichekelea. Kilichoniokoa ni mtu aliyekubali kusikiliza.

Na kwa mdogo wangu tulitengeneza mlio wa kwake peke yake. Alirekodi sauti: "Yaya, ni minyi," yaani dada, ni mimi. Huo ndio mlio uliobaki na sauti ndani ya telefone yangu. Aliporudi Katoto, mzima, na mtoto wake mgongoni, alinitumia mesaji akiwa njiani. "Yaya, ni minyi," ikasema telefone kutoka dirishani. Niliangusha sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Lakini nilikwenda, nikaishika, nikajibu.

Ndivyo nilivyorudi sokoni, kidogo kidogo. Sijapona yote. Mkono huu hauinui kapu, na kuna siku telefone ya mteja ikilia natoka jasho. Ila sasa namwambia: ngoja kidogo, mama, nipumue, kisha nakupimia samaki. Wengi wanangoja.

Namshukuru mama wa mandazi, ambaye amekatazwa na haya yake kusimama. Namshukuru mdogo wangu kwa kofi lake. Nashukuru nyinyi wa kikundi hiki, mliokaa nami miezi ile niliyokuja hapa bila kusema neno, na hakuna aliyenilazimisha. Na namshukuru mama ya yule kijana. Wiki iliyofuata alikuja kwangu, akakaa. Tukatwanga sombe. Alipoondoka aliniambia kwa Kiluba, wafwako, asante, na mimi nikamjibu hivyo hivyo. Wafwako basi, nyote.

Neno langu ni hili. Ukipokea picha ya mtu na maneno makali chini yake, muulize aliyekutumia: wewe ulimwona? Akisema hapana, isimame hapo, kwako. Usiseme unawapasha wengine tu habari. Kidole kinatuma upesi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukimbia kwenda kuzuia. Siku ile, kwenye ua ule, nilikimbia na nikafika. Kwa mwingine, sijui kama kutakuwa na mtu wa kufika.